Nati Kwenye Upindo wa Joho

Kila joho lililotoka kwenye duka la Fundi lilikuwa na nati za baiskeli ndani ya upindo. Kitinda ndiye aliyezishona. Alikunja kitambaa, akaweka nati, akaifungia kwa sindano ya mkono, akaacha upana wa kidole gumba, akaweka nyingine. Cherehani haikufaa kwa kazi hiyo, maana sindano yake iligonga chuma ikavunjika. Aliketi mlangoni kufuata mwanga, kastabini kidoleni, debe la nati miguuni. Alipomaliza joho alilitundika msumarini, akalivuta chini kidogo, akaangalia kama linatulia.

"Ongeza nyuma," Fundi alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi. "Wahitimu wa mwaka huu ni wepesi kuliko wa mwaka jana."

Nati zilianza baada ya mhitimu mmoja wa uhasibu kupaa na joho lake akisubiri kuitwa jina. Upepo haukuwa mkali. Walimkuta juu ya paa la maktaba, ameketi, ametulia, hajui amefikaje pale wala anaitwa nani. Chuo kikuu kikawaagiza mafundi wote wa majoho wazingatie uzito. Mafundi wengine walijaribu mchanga, ukavuja. Fundi akafikiria nati.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Chuo kilikuwa kimempa kila mwanafunzi mkoba wa kielektroniki. Haukuwa wa kubeba begani. Ulikuwa nafasi yake ndani ya kompyuta za chuo, na humo mwanafunzi alipakia kazi zake, picha zake akiwa mazoezini, na kila wiki tafakuri: amejifunza nini, amejifunzaje, na kimembadilisha vipi. Mhadhiri alisoma, akaandika maoni pembeni kwa wekundu. Watu walisema ni njia nzuri ya kumfanya mtu ajitazame. Ila kilichopakiwa kilihama kweli. Mwanafunzi akishapakia alivyojifunza kuunga mfupa, kesho yake hakujua mfupa unaungwaje. Ujuzi ulikuwa mkobani, umepangwa vizuri, una tarehe. Na kwa kuwa vitu mtu anavyovijua vina uzito wake, kila wiki wanafunzi walipungua uzito. Mashine zilizohifadhi mikoba zilikaa kwenye chumba kimoja cha jengo la utawala, na chumba hicho kilikuwa kinazama ardhini. Chuo kilijenga ngazi ya kushukia.

Kitinda aliyajua hayo kuliko wenzake wa pale dukani, kwa kuwa dada yake alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu.

Waliishi wawili, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali. Mama yao alikufa Kitinda akiwa bado anatambaa. Hakuna picha iliyobaki. Mwenye kumkumbuka alikuwa Dada peke yake, na Kitinda alipoishia shule ya msingi ili Dada aendelee, ilikuwa kama wamegawana: huyu atafanya kazi, yule atasoma na kumtunza mama kichwani.

Mama alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Jioni akirudi aligonga mlango wake mwenyewe, "Hodi! Wenyewe wapo?" Halafu akajijibu kwa sauti nzito ya kizee, "Hawapo, wamehama!" Na Dada, mtoto mdogo kule ndani, alicheka mpaka akajikojolea. Hilo Dada alilisimulia mara nyingi hata wakalifanya lao. Kitinda akitoka dukani aligonga, "Hodi! Wenyewe wapo?" na Dada akaitika kule ndani, "Hawapo, wamehama!" Ndipo mlango ukafunguliwa.

Lakini sura haisimuliki. Kwa hiyo Dada alikuwa na utaratibu wake. Wakiwa njiani alimfinya Kitinda mkono, akanong'ona, "Yule muuza vocha, unamwona? Pua yake ndiyo pua ya mama." Kidevu kilipatikana langoni mwa benki, kwa askari mwanamke. Namna ya kusimama, mkono mmoja kiunoni, waliiona kwa mwanamke mmoja kwenye foleni ya maji, wakamtazama hadi akawauliza kama wanamdai. Kitinda alivikusanya vipande hivyo na kuviunga kichwani mwake kama mtu anayeshona kwa mabaki ya vitambaa. Sura ilikuwa karibu kutimia. Yalibaki macho.

"Macho je?" aliuliza kila mara.

"Macho bado. Nitakuonyesha."

"Lini?"

"Siku ya mahafali yangu. Wewe nawe, unang'ang'ania kama kupe!"

Mwaka huo Dada alipakia masomo yote aliyofundisha kwenye mazoezi. Alipakia hesabu za sehemu, akasimama mbele ya watoto siku ya pili na chaki mkononi, asijue la kuandika. Watoto wakamsubiri. Mwalimu mkuu akamwambia asijali, mradi kipo mkobani. Alipakia namna ya kunyamazisha darasa bila fimbo, na darasa likamshinda. Alama zake zilikuwa za juu.

Kisha mhadhiri akaandika kwa wekundu: "Tafakuri zako ni za juujuu. Nani alikufanya utake kuwa mwalimu? Zama ndani." Bila tafakuri hiyo hakuna kuhitimu.

Dada alikaa kitandani na simu mkononi. Kitinda alikuwa akipiga pasi.

"Nimpakie mama?" Dada aliuliza.

"Mama mzima?"

"Aa, mzima wa nini! Ile tu ya kunifundisha herufi." Mama alimfundisha herufi kwa mashuka ya hospitali, kwa kuwa kila shuka lilitariziwa herufi ya wodi yake pembeni. "Hayo mengine yanabaki."

"Basi nionyeshe macho kwanza."

"Nimeshasema, siku ya mahafali. Ni zawadi yako. Zawadi haiombwi kabla ya siku yake."

Akapakia herufi. Maoni yakarudi: "Vizuri. Ongeza mifano mahususi kuhusu mama." Akapakia harufu ya dawa ya kufulia iliyoshinda mikononi mwa mama. Maoni yakarudi: "Inaelekea pazuri. Alikuwa mtu wa namna gani?" Akapakia kusimama kwake, kidevu, pua. Wakipita kwa muuza vocha sasa, Dada alitazama mbele. Maoni yakarudi tena: "Mazingira ya nyumbani yalikuathiri vipi? Wataje waliokuwemo."

Jioni moja Kitinda alitoka dukani akagonga mlango.

"Hodi! Wenyewe wapo?"

"Wapo," Dada alijibu kwa adabu. "Karibu. Unamtafuta nani?"

Kitinda alisimama kizingitini, viatu mkononi.

"Nimekuja kulala," alisema.

"Haya, pita." Dada alimsogezea kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja kama anavyofutiwa mgeni. "Unafanya kazi gani?"

"Nashona majoho."

"Ah, kumbe fundi! Basi nitakuja unishonee na langu."

Tangu siku hiyo alimwita fundi. Hakumfukuza, wala hakumuuliza mbona analala pale kila siku. Kitinda alimfunga mguu kwenye kitanda kwa kanga, maana alikuwa ameanza kuinuka akilala.

Siku ya mapumziko Kitinda alikwenda chuoni kumwona mhadhiri. Alikuwa mtu mpole. Alimpa kiti. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa mkanda kwenye meza, kwa kuwa na yeye alikuwa ameomba kupandishwa cheo, na wahadhiri pia walitakiwa kuwa na mikoba. Kwenye meza kulikuwa na kibao chenye jina lake, nacho kilimwelekea yeye, si mgeni.

"Nimefuata mkoba wa dada yangu," Kitinda alisema. "Nataka kuusoma. Sio wote. Kipande kimoja tu."

"Mkoba ni mali ya mwanafunzi, binti. Sisi tunautunza tu."

"Basi apewe."

"Atapewa. Aje aombe mwenyewe."

"Hajui kama ana kitu cha kuomba."

Mhadhiri alitikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo ni changamoto," alisema. "Wengi wameitaja kwenye maoni yao." Akafungua kompyuta, akasoma kidogo, akatabasamu. "Ila dada yako ameandika vizuri sana. Nilisoma nikatamani kumjua mama huyo."

"Na mimi," Kitinda alisema.

Mhadhiri alifunga kompyuta. Akamshukuru kwa kufika.

Dada alikuja dukani kupimwa joho siku chache kabla ya mahafali. Alishika kaunta kwa mkono mmoja ili abaki chini. Kitinda alipitisha futikamba kifuani, begani, mgongoni. Alijua vipimo hivyo, alikuwa akivaa nguo zake zilizobana tangu utotoni, lakini alipima.

"Una mkono mwepesi, fundi," Dada alimsifu.

"Ahsante, dada."

Fundi aliwatazama juu ya miwani. Dada alipoondoka, mzee alisukuma debe zima la nati kuelekea kwa Kitinda. "Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. "Huyu wako amekuwa usufi wenyewe. Weka mistari miwili."

Kitinda aliweka mitatu.

Siku ya mahafali mafundi hukaa uwanjani, pembeni, na sindano zao, kwa sababu nyuzi hukatika. Kitinda alikaa karibu na safu ya mbele, mahali walipoketishwa wanafunzi wapya. Hao bado walikuwa wazito. Viti vya plastiki vilikunja miguu chini yao. Mkuu wa chuo alisema mwaka huu mkoba mmoja umeshinda yote, na utaonyeshwa ili wapya waone jinsi mtu anavyojitazama. Mwenye mkoba akaombwa asimame. Dada alisimama, nati zikalia kama mnyororo, watu wakapiga makofi. Alitazama huku na huku kumtafuta anayepigiwa.

Maandishi yakatokea kwenye skrini kubwa. Kitinda alisoma polepole, midomo ikicheza, kama alivyofundishwa. Alipita herufi za mashuka. Alipita mlango, na hodi, na sauti nzito ya kizee. Akafika chini.

"Macho yake mama alimwachia mdogo wangu," ndivyo ilivyoandikwa. "Kila mdogo wangu akinitazama, mama yupo. Sijamwambia. Amekuwa akiyatafuta njiani kwa watu. Nitamwambia siku ya mahafali, nimsimamishe mbele ya kioo."

Pembeni, kwa wekundu, mhadhiri alikuwa ameandika: "Inagusa, lakini haihusiani na malengo ya somo. Fupisha."

Skrini ikabadilika. Kikaja kielelezo cha hatua za kufungua mkoba, na wanafunzi wapya wakatoa simu zao kukipiga picha. Mhitimu mmoja nyuma yake aliita, "Fundi! Fundi, nainuka huku!" Kitinda akageuka, akamshika upindo, akamvuta chini. Hakulia. Alikuwa na sindano mdomoni.

Alasiri wapya walipanga foleni mbele ya jengo la utawala. Shule moja nzuri ikauajiri mkoba wa Dada. Mwenyewe hawakumhitaji, wakamwandikia hivyo kwa heshima. Mafundi waashi walikuwa wanaongeza ngazi.

Kitinda alirudi dukani kurudisha debe. Kuna kioo kirefu pale, cha wateja, chenye ufa chini. Alisimama mbele yake, akaweka pua ya muuza vocha mahali pake, na kidevu cha yule askari, na mkono mmoja kiunoni. Kisha akayatazama macho. Yalimtazama.

"Umeingiwa na uchafu jichoni?" Fundi aliuliza.

"Hapana."

"Basi kesho uwahi. Nimeagiza nati za pikipiki. Za baiskeli hazitawatosha hawa wanaokuja."

Giza lilikuwa bado halijaingia alipofika nyumbani. Ndani alisikia kiti kikisogea na nati zikigongana. Dada alikuwa hajavua joho, maana bila hilo asingekaa kitini. Kitinda aligonga.

"Hodi! Wenyewe wapo?"

"Wapo, fundi. Unamtafuta nani?"

Kitinda akajijibu mwenyewe, kwa sauti nzito ya kizee:

"Hawapo, wamehama."

Ndani hakuna aliyecheka. Kitinda akavua viatu, akaingia, akapiga magoti nyuma ya kiti. Upindo wa joho ulikuwa umefumuka mahali pamoja, na nati moja ilining'inia kwa uzi. Akachomoa sindano kwenye kola yake, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha uzi.