Siti ya Mbele ni Moja

Niliyoyaota usiku wa kuamkia leo nitayaeleza kama yalivyokuja, bila kuongeza chumvi, maana yalikuja na chumvi yake ya kutosha.

Kwanza mambo ya macho. Mimi na mume wangu Godlisten tunanunua gari. Jumamosi tulikwenda kwenye yadi moja njia ya Bagamoyo, tukaonyeshwa mawili ya kampuni moja. Sura ileile, siti za ngozi zilezile, paa la kioo lilelile. Tofauti iko kiunoni. Moja ni la watu watano. Lingine limeongezewa mstari wa siti huko nyuma, linabeba saba. Godlisten anataka kubwa. Mimi nataka dogo, na sababu nilimpa: kubwa linakunywa mafuta, kubwa halina pa kuegesha Kariakoo, na kubwa halipiti kwenye lango letu. Hilo la lango nililipima mwenyewe. Kazi yangu ni kushona mapazia. Nikishapima kitu, kimepimwa.

Sababu ambayo sikuitaja inaishi Machame. Ni mama yake Godlisten, mama Ndeambilisia, mjane, yuko peke yake kwenye nyumba ya vyumba vingi. Wakati wa masika aliteleza mgombani akashindwa kunyanyuka, akalala pale kwenye tope mpaka jirani alipopita kukata majani ya ng'ombe. Tukakubaliana kwamba Desemba hii, tukipanda nyumbani kwa Krismasi kama Wachaga wenzetu, tutashuka naye aje kuishi kwetu Dar. Sasa mimi, Godlisten na watoto watatu tayari ni watano. Tukinunua dogo, mama anabaki, aje siku nyingine kwa basi. Na basi hapandi, wala hasemi kwa nini. Kwa hiyo gari dogo maana yake haji, ila hakuna anayelazimika kulitamka.

Simchukii. Ni mama mwema. Lakini kwetu mama wa mume akilisogelea gari, mke aliyeketi mbele anashuka na kuhamia nyuma kwa watoto. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna anayeivunja. Pasaka, kwenye gari letu la zamani, nilibanwa nyuma na watoto watatu kutoka Machame hadi Moshi mjini, magoti kidevuni, na yeye huko mbele kafungua dirisha, anatazama barabara, kimya, hata kugeuka hageuki. Ilinikera. Nikawaza, akihamia kwetu, siti ya mbele nimeiaga. Asubuhi Godlisten alitakiwa kumjibu mwenye yadi. Nikalala na hilo kichwani.

Niko sebuleni kwangu na magari yote mawili yamekaa mezani yanakunywa chai. Hilo silioni ajabu. Kinachoniudhi ni kwamba hayakuvua matairi mlangoni.

“Shikamoo,” linasema gari dogo.

“Marahaba.”

Gari kubwa linanitazama kwa taa zake zote. Linasubiri. Naona hakuna namna.

“Shikamoo,” naliambia.

“Marahaba, mwanangu,” linasema, na kujichukulia chapati nyingine.

Muuzaji anaingia. Ni futikamba yangu ya dukani, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo. Leo imevaa tai.

“Mama Aikande, karibu sana. Tumependa lipi?”

“Dogo.”

“Chaguo la mtu mwenye mipango. Tulijaribu.”

Hapohapo tuko Chalinze. Godlisten kwenye usukani, mimi mbele kushoto kwake, Aikande na mapacha nyuma. Siti inanukia upya. Naushika mkanda wangu na roho inatulia. Godlisten anakanyaga mafuta, gari halisogei.

“Naomba radhi,” linasema gari dogo. “Mmezidi. Mko sita.”

Nageuka. Nyuma watatu, mbele wawili.

“Wa sita yuko wapi?”

“Unaye wewe, mama. Sikutaka kusema mbele ya watoto. Ila ana uzito.”

Kutoka kwenye kijisanduku cha dashibodi anatokea trafiki mwanamke, sare nyeupe imepigwa pasi, hata kofia haijapinda. Ananiambia niinamishe kichwa. Anamulika tochi sikioni mwangu kwa muda, anafuata kitu kwa macho, halafu anaguna.

“Huyu hapa. Kavaa kitenge. Kaketi.”

“Kaketi wapi?”

“Mbele.”

“Hata humo yuko mbele?”

“Mbele kabisa,” anasema trafiki. “Na dirisha kafungua. Teremkeni.”

Namwambia afande kwamba huyo mtu hatukuja naye, tumemwacha Machame makusudi ili tutoshe. Anasema hayo ndiyo wanayosema wote. Anasema kuna magari mazima ya watu watano yamelala hapo Chalinze kwa sababu ya watu waliobaki majumbani. Namtazama Godlisten anitetee, lakini yuko bize kufuta vumbi kwenye kioo cha pembeni.

Tunahamia kubwa.

Ndani ya kubwa kuna nafasi isiyo na adabu. Kati ya mstari wa pili wa siti na wa tatu kuna Korogwe. Si picha, ni Korogwe yenyewe, na stendi yake na wauza machungwa. Watoto wamekimbilia mstari wa tatu. Aikande ananipigia simu kunijulisha kwamba wamefika salama na mapacha wameshakula.

“Siti saba,” inasema futikamba, na kujinyoosha kwa majivuno.

“Za mbele ngapi? Mbali na ya dereva.”

“Moja.”

“Na kwenye lile dogo?”

“Moja.”

“Hakuna gari lenye mbili?”

Futikamba inalegeza tai. “Kuna mteja aliwahi kuulizia. Tukawapa magari mawili, yeye na mwenzake, kila mmoja akaenda njia yake.”

Juma zima nimebishania ukubwa, na ukubwa wote uko nyuma, wakati ugomvi wangu uko mbele. Natamani kumweleza mtu hilo, lakini futikamba imeshajikunja imelala.

Kona inayofuata ni Machame. Mama mkwe amesimama kando ya barabara, kwenye uzio wake wa mimea ya masale, na mkungu wa ndizi, dumu la maziwa na kandambili. Amesuka nywele. Inaonekana amesimama hapo muda mrefu, maana jogoo wake amelala miguuni.

Gari linasimama. Watu wote wananitazama mimi: Godlisten, jogoo, hata watoto, nao wako Korogwe. Nabonyeza mkanda.

“Sifunguki,” unasema mkanda.

“Kwa nini?”

“Jumamosi pale yadi ulinishika ukasema, huu ni wangu. Mimi nimeshika neno lako.”

Nauvuta. Niseme ukweli, siuvuti sana.

“Shikamoo, mama,” namwambia kupitia dirishani.

“Marahaba. Kaa, mwanangu, kaa tu. Mimi nitakaa na ndizi.”

Anazunguka nyuma, anafungua buti, anaingiza mkungu, anaingiza dumu, anamwambia jogoo abaki alinde nyumba. Halafu anapanda yeye, anajilaza ubavu kando ya mkungu, na kulifunga buti kwa ndani. Godlisten anaondoa gari kana kwamba ndivyo mama anavyopakiwa siku zote.

Tunakwenda. Mbele pananitosha, miguu nimeinyoosha, barabara yote ni yangu. Sifurahi hata kidogo.

Redio inacheza salamu za wasikilizaji. Katikati ya salamu inaingia sauti ya mama mkwe, iko karibu sana.

“Mama Aikande.”

“Abee, mama.”

“Una limao?”

“La nini, mama?”

“Huku nyuma natapika.”

Mtangazaji anaomba samahani kwa wasikilizaji na kuondoka studio, anatuacha wawili.

“Tangu lini?” nauliza.

“Tangu nijue magari. Nikiwa mbele, dirisha wazi, macho barabarani, nisigeuke, nisiseme neno, nafika. Nikigeuka tu nimekwisha. Basi ndiyo kabisa, hata kulisikia linanguruma siwezi.”

“Mbona hujawahi kutuambia?”

“Nimwambie nani? Nitapike mbele ya mke wa mwanangu, halafu kesho anikorogee uji? Afadhali ukadhani naringa.”

Naona haya. Masikio yanawaka moto, na hewa ya baridi ya gari hili la kifahari haisaidii kitu. Kile kisogo kilichonikera kutoka Machame hadi Moshi hakikuwa kinaringa. Kilikuwa kinapambana.

“Vumilia, mama, tunafika.”

“Nitavumilia. Ndizi zenyewe zinanishikilia.”

Tumefika nyumbani, Dar. Godlisten anapiga honi. Lango letu halifunguki, linakohoa kwanza.

“Hatupiti,” namwambia Godlisten. “Nilisema. Nililipima.”

“Ulipima vizuri,” linasema lango. “Vipimo vyako sina tatizo navyo.”

“Si umeona?”

“Lakini mimi sijasema hampiti. Nguzo yangu ya kushoto ni matofali tu, hata nondo haina. Fundi anaitoa kabla ya chai. Hakuna aliyeniuliza.”

Kwenye redio mama mkwe anavuta pumzi ndefu, ya mtu anayejizuia. Nalitafuta limao kwenye pochi, nalitafuta chini ya siti, nakuta kifungo cha pazia na dumu la maziwa, sijui limefikaje huku.

“Mama, sioni limao!”

“Langu liko hapo mbele,” anasema, sauti imekuwa ndogo. “Kwenye mfuko wa mlango. Nililiacha Pasaka.”

Naingiza mkono kwenye mfuko wa mlango. Mkono unaingia hadi kiwiko. Unaingia hadi bega. Mkanda unafunguka wenyewe, bila kuambiwa, na kunisukuma kidogo mgongoni nifike. Vidole vinagusa kitu cha mviringo.

“Fanya haraka, mwanangu,” anasema mama mkwe.

Nikaamka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekwama kati ya kitanda na ukuta, hadi begani. Kulikuwa kumekucha. Godlisten alikuwa bafuni anajikohoza, watoto wanagombea soksi. Nikauchomoa mkono, nikajiambia ndiyo matokeo ya kula makande usiku, nikaenda kukoroga uji.

Uji ulipochemka nilizima jiko nikatoka nje. Sikujiambia nakwenda kufanya nini. Gari letu la zamani lilikuwa chini ya mwarobaini, kioo kimejaa majani. Nikafungua mlango wa mbele wa abiria, mlango wangu, ninaoufungua kila siku ya Mungu, na kuingiza mkono kwenye mfuko wake. Nikatoa mwavuli. Nikatoa karatasi za pipi. Nikatoa risiti za vitambaa. Chini kabisa, kwenye kona, kulikuwa na limao.

Lilikuwa limekauka, limesinyaa, gumu, rangi ya udongo. Ganda lote lilikuwa na alama za kucha, nyingi, zimepangana, za mtu aliyekuwa anakwaruza na kunusa, anakwaruza na kunusa, huku amewapa watu kisogo. Nikalisogeza puani. Harufu ilikuwepo bado, kidogo sana. Nikasimama pale nikimwonea huruma kiasi kwamba machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa machozi.

Godlisten akatoka na funguo mkononi na simu sikioni. Akaiziba simu kwa kiganja.

“Mwenye yadi huyu. Anataka jibu. Nimwambie dogo, yaishe?”

“Kubwa.”

Akanitazama. “Na lango?”

“Ita fundi. Ile nguzo ya kushoto haina nondo.”

“Umejuaje?”

“Liliniambia.”

Akaona asiulize zaidi. Mtu aliyeshinda hoja hapekuipekui. Akamjibu mwenye yadi, akaingia kwenye gari anipeleke dukani. Mimi nikaufunga mlango wa mbele, nikafungua wa nyuma, nikaketi katikati, pale pa Pasaka, nikavuta mkanda. Ukafungika bila neno.

Godlisten akanitafuta kwenye kioo. “Mbona umekaa huko?”

“Nazoea,” nikamwambia. “Na ukifika gengeni simama, tununue malimao. Hili limekauka.”