Siku Kumi na Moja za Bwana Dakika

Kama kuna mtu aliyewahi kushika madaraka makubwa bila yeye mwenyewe kustuka, ni Bwana Dakika. Pale Idara ya Vipimo, ghorofa ya pili, katika chumba chenye feni moja iliyogoma kuzunguka, kazi yake ilikuwa kutunza faili moja tu la kompyuta. Ukilichapisha halikuzidi kurasa tatu. Lakini kompyuta zote za nchi, za benki, za shule, za hospitali, zilikuja kulisoma kila siku saa nne asubuhi ili zijue kanuni za saa.

Maana kompyuta, kwa taarifa yako, haijui saa. Inahesabu sekunde tu, moja baada ya nyingine, kama mfungwa anayehesabu siku. Ukiiuliza jambo fulani lilitokea saa ngapi, inachukua hesabu yake, inafungua faili la Bwana Dakika, inatazama kanuni ya siku hiyo inasemaje, ndipo inakujibu bila kupepesa macho. Faili likidanganya, nayo inadanganya, tena kwa adabu.

Aliyemtangulia kazini alimwachia masharti mawili. La kwanza: yaliyopita hayaguswi. Kanuni ikikoma, unaandika mstari wa kusema imekoma, lakini ile ya zamani unaiacha ilivyo. La pili: kila unapobadilisha kitu, andika maelezo chini yake, ni nani, lini, kwa nini. Maelezo hayo kompyuta haiyasomi. Yamewekwa kwa ajili ya wanadamu, nao pia hawayasomi.

Basi Mheshimiwa mmoja akasafiri kwenda nchi za baridi. Huko akakuta watu wanasogeza saa mbele majira ya joto ili wafaidi mwanga wa jioni. Akarudi na wazo hilo kama mtu aliyerudi na televisheni mpya. Nchi yenyewe jua lake linachomoza na kutua wakati ule ule mwaka mzima, halina habari na majira ya mtu. Lakini nani angemwambia? Akatangaza redioni: kuanzia tarehe tano, saa zote mbele saa moja. Jambo hilo likaitwa Saa Mpya, na Bwana Dakika akaongeza mistari miwili kwenye faili.

Saa Mpya ilidumu siku kumi na moja. Watoto walikwenda shule gizani wakigongana na mbuzi. Nusu ya watu walifika harusini wakakuta viti vinakunjwa. Siku ya kumi na mbili Mheshimiwa akatangaza kwamba wananchi warudi kwenye saa yao, kwa sauti ya mtu aliyekosewa na wananchi.

Wiki moja baadaye Mkurugenzi wa Idara alimwita Bwana Dakika ofisini. Mkurugenzi alikuwa na suti nne na hakuwa na msimamo hata mmoja.

"Bwana Dakika, zile siku Mheshimiwa hataki hata kuzisikia. Zifute."

"Nimeshaongeza mstari wa kuzimaliza, mzee. Tarehe kumi na tano zinakoma."

"Nimesema uzimalize? Futa. Zisiwepo. Hazikuwahi kuwepo."

"Basi nipate barua, mzee."

"Barua ya kitu ambacho hakikuwepo? Hebu acha utani."

Bwana Dakika alijua vizuri nini kingetokea. Akifuta, kila kompyuta nchini, ikiulizwa habari ya siku zile, ingerudisha kila tukio nyuma saa nzima. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alikuwa amebakiza miaka sita astaafu, na shingo yake kwa miaka mingi ilikuwa imezoea kuinama kabla hata hajaambiwa. Akasema ndiyo mzee, akashuka, akafuta. Chini yake, kwa mazoea tu, akaandika: *Siku kumi na moja za Saa Mpya zimefutwa kwa agizo la mdomo. Mimi, mtunza saa.* Akaweka na tarehe.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwaka wa kumi na tisa. Wodi ile ilikuwa na kabati la dawa lenye kufuli ya kompyuta. Ukilifungua, kompyuta inaweka kumbukumbu. Ukimpa mtoto dawa, unaandika saa kwa mkono kwenye daftari lako. Wauguzi walikuwa saba. Sita kati yao daftari walilijaza mwisho wa mwezi, wakinywa chai, kwa kunakili saa kutoka kwenye kompyuta. Wa saba, mke wa Bwana Dakika, alikuwa na ile tabia mbaya ya kutazama saa ya ukutani na kuandika pale pale.

Mkaguzi alipokuja mwezi uliofuata, madaftari sita yalikubaliana na kabati kama ndugu wa tumbo moja. La saba, kuanzia tarehe tano hadi kumi na tano, lilipishana nalo saa nzima.

Barua ilifika nyumbani jioni. Mkewe aliisoma kwa sauti akiwa amesimama, mkoba bado begani. "Kabati linaonyesha umetoa dawa saa tatu. Daftari lako linaonyesha umempa mtoto saa nne. Eleza dawa hiyo ilikuwa wapi kwa muda wa saa nzima, na kwa nini leseni yako ya uuguzi isifutwe." Akaketi. "Baba watoto, wananiita mwizi wa dawa za watoto."

Bwana Dakika alikuwa amevua kiatu kimoja. Alielewa yote kabla mkewe hajafika mwisho wa sentensi.

"Labda ile saa ya ukutani ilikuwa mbovu," alisema.

"Mbovu? Si wewe uliyenipigia simu unikumbushe kuisogeza? Nikapanda kiti nikaisogeza mwenyewe!"

"Ehe. Kweli. Nilisahau."

Hapo ndipo angesema. Maneno yenyewe hayakuzidi manne: nilizifuta mimi, mke wangu. Akavua kiatu cha pili.

Mkewe alijibu barua kwamba zilikuwa siku za Saa Mpya, na kila mtu anajua. Kamati ya nidhamu ikaandika Idara ya Vipimo kuuliza. Unadhani barua hiyo ilitua mezani kwa nani? Mkurugenzi aliitupia macho akasema, "Wajibu kwamba hakuna." Bwana Dakika akaandika kwa mkono wake: *Idara haina kumbukumbu ya saa mpya yoyote katika kipindi kilichotajwa.* Akaipeleka isainiwe, kisha akaenda chooni akakaa huko muda mrefu.

Wiki tatu mkewe hakula chakula kikaisha sahanini. Yeye akajitia kuwa mume mwema. Akaosha vyombo, jambo lililowashangaza watoto. Akamnunulia viatu vya kazi, vyeupe, vya ngozi, kwa mtu anayekaribia kunyang'anywa kazi. Na siku moja, akijiona ana busara sana, akamshauri.

"Omba radhi tu. Sema ulikosea kuandika. Watakupa onyo, yaishe."

"Niombe radhi kwa kuandika saa niliyoiona?"

"Ni maneno tu, mama watoto."

"Kwako wewe."

Jioni ya kuamkia kikao, Bwana Dakika alipita mlangoni mwa chumba akamkuta mkewe anapiga pasi sare yake. Alikuwa ameisimamisha karatasi ukutani na anajizoeza. "Waheshimiwa wanakamati, nilikosea kuandika. Naomba mnisamehe." Akapiga pasi kola. "Nilikosea kuandika. Naomba mnisamehe." Mara ya tatu sauti ilimkatika, akaweka pasi wima, akajifuta uso kwa kiganja, akaanza upya.

Bwana Dakika aliona haya. Si haya ya kukosea mbele ya watu, hiyo aliizoea. Aliona haya ya kuwa yeye.

Asubuhi alifika ofisini kabla ya mfagiaji. Akairudisha ile mistari miwili na mstari wa kuimaliza, akaandika maelezo yake, akachapisha ukurasa ule, akaukunja mfukoni. Kisha akakimbilia hospitalini. Kompyuta zilisoma faili saa nne kama kawaida. Kikao kilianza saa tano.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, wanakamati watano na chupa za maji ambazo hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuzifungua. Wale wauguzi sita walikaa safu ya nyuma kama mashahidi, nyuso za huruma zimepangwa vizuri. Mwenyekiti akamwambia mshtakiwa aseme.

Mkewe akasimama. Viatu vyeupe, sare iliyonyooka. "Waheshimiwa wanakamati," akasema, "nilikosea—"

"Subiri!"

Watu wote waligeuka. Bwana Dakika alikuwa amesimama karibu na mlango. Katika miaka ishirini na tisa ya kazi hakuwahi kumkata mtu kauli kikaoni, hata alipokanyagwa.

"Fungueni kompyuta kwanza," alisema. "Tazameni kabati. Sasa hivi."

Mkaguzi akacheka kidogo, akafungua ili amwaibishe. Akatazama. Akasogeza uso karibu na kioo. Akavaa miwani. "Saa nne," alisema. "Linasema saa nne. Tarehe sita, saa nane na robo, daftari saa nane na robo. Tarehe saba… zote zinalingana."

"Jana zilikuwa hazilingani," mwenyekiti alisema.

"Jana ni jana, mwenyekiti."

"Lakini jamani, Saa Mpya si ilikuwepo?" mwanakamati mmoja akaropoka. "Mimi ilinikosesha harusi ya mpwa wangu." Na ghafla kila mtu mezani akawa anakumbuka. Mmoja alichelewa ndege, mwingine alifungiwa benki. Watu watano waliokuwa tayari kumfuta mwenzao kazi kwa siku ambazo wote walizila, wakazinywa, na kuzilalamikia.

Kisha mkaguzi, maana mkaguzi hajui kuacha, akavuta yale madaftari sita. Kwa mujibu wa kompyuta, wauguzi sita kwa siku kumi na moja walikuwa wamewapa watoto dawa saa nzima kabla ya kufungua kabati. Safu ya nyuma ikaanza kutazama dari.

"Huu ni uchawi au ni nini?" mwenyekiti aliuliza.

Bwana Dakika akatoa ile karatasi, akaiweka mezani, akaeleza. Ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akitazama ile mistari miwili na kutikisa kichwa kama anaielewa. Mwisho ikamfikia mkewe. Yeye hakutazama mistari. Alisoma maelezo, yote, kuanzia juu, kama anavyosoma kila kitu. Alisoma tarehe ya kufutwa. Alisoma *Mimi, mtunza saa*. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba.

Alisafishwa kabisa, na mwenyekiti akampa mkono. Simu ya Bwana Dakika ilikuwa inatetemeka mfukoni: Mkurugenzi. Aliiacha itetemeke. Alijua tayari kwamba miaka sita iliyobaki angeimalizia stoo, akihesabu mizani mibovu, na ajabu ni kwamba hilo halikumuuma.

Kwenye korido mkewe alisimama chini ya saa ya ukutani.

"Nilidhani umejua leo kwamba chanzo ni wewe," alisema. "Ulijua lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema juzi. Lakini alikuwa mtu wa saa.

"Siku ile barua ilipofika. Saa moja na robo jioni. Nilikuwa navua viatu."

Mkewe hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu.

"Wiki tatu," alisema. "Ukiosha vyombo. Na ukanifundisha kuomba radhi."

"Nisamehe, mke wangu. Niambie nifanye nini. Chochote."

Aliinua macho akatazama saa, akaweka mkoba begani vizuri. Zamu yake ilikuwa inaanza.

"Hizi wiki tatu usije ukazifuta," alisema. "Ziache pale pale zilipo, nizione."

Akaingia wodini. Kuna mtoto mmoja saa yake ya dawa ilikuwa imefika.