Injili Iliyoishia Aya ya Nane

Mwalimu Epifania hakuwa mtu wa kupanda bodaboda, tena Jumapili, tena na gauni la kanisani. Lakini siku hiyo alipanda, akamwambia dereva akimbize, na Mungu amsamehe, alimwita konokono mara mbili njiani. Jana yake jioni wifi yake Suzana alimpigia simu kutoka machimboni, kule mbele ya Ushirombo, akilia hadi maneno hayatoki.

"Wifi, kesho saa nne Denis anakunywa. Amechaguliwa wa kwanza."

Kunywa nini? Ingekuwa pombe angeamka na kichwa kinamgonga, yakaisha. Haya yalikuwa maji ya matangi ya marudio, yale yanayotiwa sayanaidi ili kunyonya dhahabu iliyobaki kwenye mchanga. Ng'ombe akiyaonja hafiki zizini. Na Denis ndiye kitinda mimba wao, mtoto aliyemlea yeye mgongoni wakati mama yao akiwa kwenye pamba.

Duara la kina Denis, yaani shimo wanalochimba kwa ubia, lilikuwa na miezi minane halijatema hata chembe ya dhahabu. Masika likaporomoka, likafukia watu watatu. Wawili walitolewa maiti. Denis alitoka mzima, na aliyemfukua kwa mikono mitupu ni mchimbaji mwenzake, Marwa, baba yake Nelly. Tangu siku ile Marwa akaacha matusi na gongo, akaanza kuhubiri chini ya turubai, na watu wakamwita nabii. Duara likigoma, wengine humwita mganga. Marwa akasema sisi hatuna haja na mganga, sisi tuna Injili: imeandikwa kwamba waaminio watashika nyoka, watakunywa cha kufisha na hakitawadhuru. Tukinywa, duara litatema. Sasa Denis, jamani, angemkatalia vipi mtu aliyemtoa kaburini?

Lililomchoma zaidi Epifania ni kwamba aya ile Denis alifundishwa na yeye mwenyewe. Kabla hajahamia Kahama kufundisha shule alikuwa katekista hapohapo Ushirombo, na Denis akiwa na miaka kumi alimkaririsha sura ya mwisho ya ile Injili fupi kuliko zote, akamzawadia soda. Wakati huo hakujua kama kuna maswali. Aliyajua mwaka jana tu, kwenye semina ya makatekista pale misheni, alikoalikwa kama katekista wa zamani, Padri Kalisti alipowaonyesha picha za nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Mbili kati ya zile kongwe kabisa zinaishia aya ya nane, kisha nafasi iliyobaki ni tupu. Zile aya kumi na mbili zinazofuata, zenye nyoka na sumu, wataalamu wengi wanasema ziliongezwa baadaye na mkono usiojulikana. Weee! Epifania alimwambia padri mbele za watu kwamba anabomoa imani, akaondoka bila kula, na siku hiyo kulikuwa na pilau. Ila kuuliza si ujinga. Kabla ya kutoka alizipiga picha zile kwa simu.

Alifika saa nne kasorobo. Chini ya turubai walikaa wanaume kama ishirini, miguu mitupu. Mbele, juu ya stuli, kikombe cha bati kimefunikwa kitambaa cheupe. Denis alisimama kando yake na shati lililopigwa pasi.

"Mwangaluka," aliwaamkia kwa Kisukuma. Hakuna aliyeitikia isipokuwa Suzana.

"Karibu, mwalimu," alisema Marwa kwa upole. "Umekuja kuomba nasi au kutuvuruga?"

"Nimekuja na swali, Baba Nelly. Swali nalo ni dhambi?"

Epifania hakungoja jibu. Alifungua zile picha kwenye simu, akaipitisha mkono kwa mkono. Mzee mmoja aitwaye Sikujua, mchimbaji wa siku nyingi, aliisogeza karibu na jicho lake zima.

"Haya maandishi siyajui mimi."

"Hata mimi siyasomi, ni Kigiriki. We tazama yanapoishia: aya ya nane, halafu patupu." Akamgeukia mdogo wake. "Denis. Unachimba, unakuta udongo laini, una mkaa na vipande vya vyungu ndani. Hicho ni nini?"

Denis hakutaka kujibu, lakini mchimbaji ni mchimbaji. "Kifusi. Kuna mtu alishachimba akafukia."

"Na ukiona dhahabu humo?"

"Hujui imetokea wapi," alidakia Mzee Sikujua. "Inaweza kuwa dhahabu kweli. Ila hapo hufungi matimba ya kuzuia udongo wala huteremshi mtu."

"Basi kuanzia aya ya tisa ni hivyo hivyo."

Minong'ono ikaanza. Marwa akainua mkono. "Kwa hiyo kanisa lako linatulisha kifusi? Sikukuu ya Kupaa Bwana, mwalimu, mnasoma nini? Sema kweli."

Hapo angeweza kudanganya. Nakuambieni, uongo ulimfika mpaka ncha ya ulimi. "Kuna miaka tunasoma hizo hizo," alisema. "Kanisa limezipokea, na mimi sijazifuta. Nasema tu hatujui aliyeziandika ni nani, na simteremshi mdogo wangu kwenye shimo nisilolijua."

"Lakini ulinikaririsha wewe!" Denis alifoka, macho yamemwiva. "Ulinipigia makofi, dada!"

"Nilikuwa sijui."

"Basi na leo labda hujui."

Akavuta kitambaa, akakinyakua kikombe. Suzana aliziba mdomo kwa kanga. Epifania alitaka kumrukia, ila kikombe kilikuwa karibu na midomo kuliko mkono wake, akaogopa hata kupumua.

"Hiyo ya nane inasemaje?" Denis aliuliza, kikombe kidevuni. "Kama ndiyo ya mwisho, inasemaje?"

"Wanawake wamekuta kaburi liko wazi. Wameagizwa waende wakaseme. Wanatoka mbio, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno. Waliogopa."

"Halafu?"

"Hakuna halafu."

Denis alitazama ndani ya kikombe. "Dada," alisema, na sauti ilikuwa ile ya utotoni, "mimi naogopa. Tangu nitoke mle naogopa. Naogopa kushuka, naogopa hata taa ikizimwa." Akakirudisha kikombe kwenye stuli. Suzana alilia kwa sauti, akamkamata shati, akamburuta nje na pasi yake yote ikaharibika.

Mmoja akanyanyuka, wa pili akafuata viatu vyake. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kilio machimboni pale walikuwa wameshakishiba. Mzee Sikujua alimrudishia simu yake, akaondoka bila kuaga.

Epifania alikwisha kumpata wa kwake. Angepanda bodaboda aende zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Aligeuka mara moja tu, akamwona Marwa peke yake chini ya turubai, kikombe mkononi.

Alirudi mbio. "Baba Nelly, weka chini hicho!"

"Niliwaambia ni kweli. Nisipokunywa, mimi ni nani?"

"Ni mtu aliyenirudishia mdogo wangu."

Marwa alitikisa kichwa. "Walikuwa watatu, mwalimu. Wote niliwaita, wote waliitika. Nikachagua upande wa Denis kwa sababu udongo ulikuwa laini. Wale wawili niliwasikia wakinyamaza, mmoja, halafu mwingine. Lazima Mungu awe alikuwa na sababu. Lazima iwe kweli."

Kumbe! Epifania alikuwa amekuja na hasira ya kumwaga, sasa hakujua aiweke wapi. Alipiga magoti mbele yake, gauni la kanisani kwenye vumbi.

"Kesho watakuja hapa," Marwa alisema. "Niwaambie nini?"

"Waambie uliogopa."

"Basi?"

"Basi, Baba Nelly."

Aliinama, akaanza kulia, lakini kikombe hakukiachia. Epifania aliushika ule mkono. Vidole vilikuwa vimekaza, akavifungua kimoja baada ya kingine, taratibu, asije akamwagia hata tone.