Turubai la Rangi

Naanza na turubai, maana mpaka leo linanichoma roho. Mapipa kumi na mawili ya rangi ya barabara yalikaa chini yake, nguzo nne, kamba kila pembe, kwa sababu kila pipa lilibandikwa karatasi: liwekwe kivulini. Hatua thelathini kutoka hapo alisimama dada yangu na kibao chake, upande mmoja SIMAMA, upande wa pili PITA, toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Yeye hakubandikwa karatasi.

Sote tulimwita Kibao, hata mimi mdogo wake niliyekuwa nachanganya zege palepale. Mwaka wa kwanza mashavu yakamtoka madoa meusi. Mwaka wa pili akanunua mkorogo sokoni, muuzaji akamwapia kwamba atang'aa. Akang'aa, mwezi mzima! Kisha uso ukawa mwekundu, ukababuka, hata maji ya kunawa yakawa yanamchoma.

Nikampeleka kwa daktari wa ngozi, mwanamke mfupi asiye na mzaha. Akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani.

"Mama, uso huu umeupaka nini?"

Nikajibu mimi.

"Sijakuuliza wewe, kaka."

"Mkorogo," dada akasema, akitazama viatu vyake.

"Basi leo ndiyo mwisho. Umejimenya ngozi kama kitunguu, halafu unaianika juani." Akamwambia aache kujisugua kwa dodoki, atumie sabuni isiyo na manukato, usiku apake mafuta ya kawaida. Akamkabidhi tyubu ya losheni ya kukinga jua. "Urefu wa vidole viwili, kila asubuhi. Uso, shingo na masikio. Watu husahau masikio. Baada ya saa mbili unapaka tena. Na saa nne mpaka saa kumi jioni, kaa kivulini. Weusi wetu unasaidia, lakini haumalizi kazi. Ukiendelea hivi, madoa haya hayatoki tena, na huo uso hutaweza hata kuugusa."

"Daktari, saa nne mpaka saa kumi ndiyo kazi yenyewe."

Daktari akaandika barua: mfanyakazi huyu apewe kivuli. Nyapara wetu akaisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Nitaifikisha ofisini." Ilikuwa Jumatatu. Mimi sisahau siku.

Wiki mbili zikapita. Barua ilikuwa bado mfukoni, naiona inavyotuna. Uso wa dada nao haukupoa. Nikaomba kuiona ile tyubu. Imejaa tele!

"Hupaki?"

"Napaka. Jumapili. Na ile siku tulipoalikwa harusini."

"Dada!"

"Sasa kitu kizuri hivyo nikipake kazini, kiishie kwenye vumbi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Tumezoeshwa hivyo: kizuri ni cha kutokea, kazini tunapeleka mwili mtupu. Nikamwambia jua haliji harusini, linakuja hapa. Usiku huo nilimsikia anageuka-geuka kitandani.

Kesho yake saa sita, lami inanata viatuni, akageuza kibao: SIMAMA. Akakaa hivyo. Mwenzake wa upande wa pili haruhusiwi kuachia gari mpaka dada ainue mkono, na dada hakuinua. Lori la kwanza likapiga honi. Likafuata basi. Kisha honi zikawa moja ndefu, huku na huku.

Nyapara akaja mbio, kofia mkononi. "Kibao, una wazimu? Foleni imefika darajani!"

Dada alikuwa ameshatoa tyubu. Akakamua mstari kwenye kidole cha kwanza, akakamua kwenye cha pili, polepole, kama mtu aliye kwake.

"Unajipodoa barabarani?"

"Natumia dawa. Karatasi yangu unayo mfukoni. Nataka lile turubai."

"Turubai ni la rangi!"

"Basi rangi ije ishike kibao."

Wapiga koleo wakaangua kicheko. Nikaona zamu yangu imefika, nikatupa koleo. "Mzee, umesahau barabara ya kule kilimani? Ulikuwa unapiga koleo kama sisi, ukaanguka kwa jua, nani alikushikia khanga juu ya kichwa mpaka ukazinduka? Si huyuhuyu? Leo una kofia nyeupe ya unyapara..."

"Wewe nyamaza," dada akanikatiza. "Shika hapa."

Akanitia kibao mkononi. Chuma kilikuwa cha moto, nikakihamisha mkono huu na huu. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani, niliyoiandaa miaka mitatu, na jua likanipiga utosini nikasahau inaanzia wapi.

Nyapara alimtazama dada. Akatazama foleni. Akashika mfuko wa shati, pale barua ilipotuna, akauachia. Kisha akaenda kwenye mapipa, akapiga magoti, akaanza kufungua kamba za turubai mwenyewe.

"Nigeuze?" nikauliza.

"Bado."

Fundo la tatu lilikuwa linamshinda. Honi hazinyamazi. Dada akavuta ukosi wangu, akanipaka kilichobaki kwenye vidole nyuma ya sikio.

"Simama vizuri," akasema. "Mpaka lifike hapa."