Fimbo ya Mwenyekiti Yanyooka

"Waheshimiwa," alinguruma Mwenyekiti wa klabu ya gofu, "leo mpira wangu usiponyooka, najiuzulu!"

Bintiye, mbeba fimbo wake, alimkabidhi fimbo ya chuma bila kumtazama usoni. Wiki nzima fimbo ile ilikuwa ikipeleka mipira kulia, jikoni mwa klabu. Safari hii, ili kufidia, Mwenyekiti alilenga kushoto makusudi, kwenye meza ya makamu wake, akapiga. Mpira ukanyooka kama uzi, ukatua ndani ya chai ya makamu.

"Umenyooka, mzee," alisema makamu akijipangusa uso. "Kiti bado chako."

Mwenyekiti akaigeuza fimbo, akaona alama za koleo.

"Mwanangu?"

"Niliipinda mimi, baba, kwa utani," alikiri binti. "Leo asubuhi nikakuonea huruma, nikainyoosha."