Koti la Opoka

Mwaka 1974 tulikuwa waimbaji wanne, tukiimba kwa sauti tupu, bila gitaa, katika baa moja ya Nakivubo. Opoka, mwenye sauti ya juu, alikamatwa na wanajeshi siku ya Jumatatu. Jumamosi tuliimba tena. Koti lake tulimvisha Kasereka, mgeni kutoka Kongo.

Concy, shabiki wetu aliyetushonea makoti yote manne, alinisogelea wimbo ulipoisha.

"Kaka Olweny, Opoka yuko wapi?"

"Amesafiri," nikasema.

"Bila koti lake?"

Sikuweza kumtazama. Akamfunga Kasereka, aliyesimama kando yangu, kifungo cha koti kilichokuwa wazi, polepole, kisha akatoka.

Hakuja tena kutusikiliza. Mimi niliendelea kuimba miaka mitatu, na kila nilipopigiwa makofi niliona aibu.