Chokaa Dirishani

Mama aliikataa rangi ya kijani kabla haijakauka. Dirisha la chumba chake linatazama magharibi, na jua la alasiri lilipoupiga ule ukuta, uso wake kwenye kioo ukawa kama wa mtu mwenye nyongo.

"Mfanafuthi akija akanikuta hivi, si atajua nimekwisha?"

Mfanafuthi ni kaka yangu. Yuko Johannesburg na wanawe, na hapa Edendale hajakanyaga tangu tumzike baba. Kila Krismasi anasema anakuja, na kila Krismasi gari limeharibika. Mimi ninayemgeuza mama kitandani nilikuwa nimechoka hata kulisikia jina lake.

Fundi wetu, Zacarias, alikuwa ametoka Msumbiji juzi tu. Alipaka vipande vya rangi mbalimbali ukutani, akatukataza kuchagua asubuhi, maana saa hizo chumba hakina jua na kila rangi inapooza. Tukangoja alasiri. Nyeupe ilichoma macho. Kijivu kilimfanya mama maiti. Ile ya tunda la pichi lililoiva, ambayo asubuhi niliiona mbaya kabisa, ikalishika jua na kulimwaga mashavuni mwake. Alijitazama kwa muda mrefu.

"Huyu sasa ndiye mimi, MaNgubane," alisema. "Paka hii."

Siku fundi alipomaliza kupaka, nilikwenda kliniki kumchukulia mama dawa. Zacarias alipoona jua linamwumiza mama macho, akavipaka vioo vya dirisha chokaa, akidhani anamsitiri. Hakujua. Kwetu dirisha halipakwi jivu wala chokaa mpaka mtu awe amefia ndani.

Niliporudi, uani palijaa wanawake waliojifunga mablanketi, wanaimba nyimbo za msiba. MaHadebe, jirani yetu, alinikumbatia huku analia.

"Pole, mwanangu. Kaka yako nimeshampigia, yuko njiani."

Kabla sijajibu, sauti ya mama ikatoka ndani: "MaHadebe! Hata siku ya kunizika unaharibu wimbo?"

Wengine walikimbia. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilimpigia kaka, simu haikupatikana. Nikachukua kitambaa, nikafuta vioo vya chini. Vya juu sikuvifikia.

Mfanafuthi aliingia peke yake jua likielekea kuzama, amevaa suti nyeusi. Akamkuta mama ameegemea mito, ukuta unawaka nyuma yake, mashavu yamejaa uhai. Alipiga magoti akalia kama mtoto.

"Mama, wameniambia... mama yangu!"

Mama alimpapasa kichwa.

"Kumbe gari linatembea," alisema.

Mfanafuthi alikula, akalala, na asubuhi akaondoka. Kazi, eti. Rangi ya ukuta hata hakuiona. Kwa hasira nikaegemeza ngazi dirishani, nikapanda na ndoo ya maji nimalizie vile vioo vya juu.

"Shuka," mama alisema.

"Mama, chokaa hii ikibaki, pichi yako yote itakuwa kijivu. Utarudi kuonekana mgonjwa."

"Najua." Alikuwa anaitazama barabara kupitia vioo nilivyofuta. "Mwite Zacarias arudishie chokaa na hapo chini. Wajukuu zangu bado sijawaona."